Milima Ipo, Mbio Ziko Wapi? Wanawake na Baiskeli za Mashindano Nyanda za Juu Kusini

Tarehe 27 Septemba 2025, Magdeleine Vallieres kutoka Kanada alifika mwisho wa safari mjini Kigali akiwa peke yake, akawa bingwa wa dunia wa mbio za baiskeli za barabarani kwa wanawake. Alikuwa amepanda na kushuka vilima kwa kilomita 164.6, na nyuma yake alikuwa amewaacha waendeshaji wengi wenye majina makubwa kuliko lake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mashindano hayo, yaliyoanza miaka ya 1920, kuletwa Afrika. Wiki hiyohiyo wanawake wa chini ya miaka 23 nao walipewa mbio zao wenyewe kwa mara ya kwanza, badala ya kuchanganywa na wakubwa na kuhesabiwa pembeni. Mshindi wao alikuwa Célia Gery wa Ufaransa.

Kigali iko mita 1,500 na ushei juu ya usawa wa bahari. Iringa iko vivyo hivyo. Mbeya imepanda zaidi, karibu mita 1,700, na ukitoka Uyole kuelekea Isyonje na Kitulo unafika zaidi ya mita 2,600. Vilima vilivyowatoa jasho mabingwa wa dunia kule Rwanda ni wadogo wa vile ambavyo mama wa Kilolo au Rungwe huvipanda kwa miguu kila siku ya gulio, mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Hata hivyo, kwenye orodha za timu za kulipwa zinazoshindana Ulaya hakuna jina la msichana kutoka Iringa au Mbeya, na katika mikoa hii miwili hakuna mbio za barabarani zilizo kwenye kalenda ya Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI. Swali la kwa nini limejibiwa kirahisi kwa muda mrefu. Wengine husema ni mila. Wengine husema ni umaskini, wakaishia hapo. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini yakiachwa hivyo yanatufanya tusione mambo mawili yanayoweza kurekebishwa: mbio ndogo za mara kwa mara hazipo, na msichana hana baiskeli iliyo mali yake.

Tuanze na dunia yenyewe, kwa sababu wapo wanaodhani huko mbali wanawake walikaribishwa mapema. Mashindano ya dunia ya barabarani kwa wanawake yalianza mwaka 1958 huko Reims, Ufaransa, na bingwa wa kwanza alikuwa Elsy Jacobs wa Luxembourg. Kwenye Olimpiki wanawake walisubiri hadi Los Angeles mwaka 1984. Paris–Roubaix, mbio zinazopita juu ya mawe na zenye historia ya zaidi ya karne moja, ziliwafungulia wanawake mlango mwaka 2021. Lizzie Deignan wa Uingereza alishinda mbio hizo za kwanza, akalipwa euro 1,535, wakati mshindi wa kiume alipata euro 30,000. Tour de France ya wanawake, ile inayoendelea sasa kila mwaka, ilianza tena mwaka 2022. Kima cha chini cha mshahara kwa timu za daraja la juu za wanawake kiliwekwa mwaka 2020, kikiwa euro 15,000 kwa mwaka. Kufikia 2025 kilikuwa kimefika euro 38,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 100 za Tanzania.

Ina maana kwamba baiskeli kama kazi ya mwanamke, kazi yenye mshahara, bima na likizo ya uzazi, ni jambo jipya kabisa duniani. Binti aliyezaliwa Mafinga mwaka 2008 alikuwa tayari darasani wakati kima hicho kinawekwa. Hatujachelewa kwa miaka mia. Tumechelewa kwa miaka michache, na hilo linapaswa kututia nguvu.

Lakini tusijidanganye kuhusu ukubwa wa nafasi zenyewe. Timu za daraja la juu zilikuwa 15 mwaka 2025, na wanawake wanaolindwa na kima hicho ni mamia machache tu duniani kote. Ngazi ya chini kabisa kuna timu za mabara, ambazo nyingi haziwezi kulipa mshahara wa kumtosha mtu. Mwendeshaji hupewa baiskeli, nguo, tiketi na chakula, na mengine anajitafutia. Mzazi wa Ilula au Igurusi anayeuliza binti yake atapata nini kwenye baiskeli anastahili kujibiwa kwa ukweli huo. Anayempigia hesabu ya milioni mia moja bila kumwambia ni wangapi wanazipata anamdanganya.

Waafrika waliopita njia hii wanatufundisha kuliko takwimu. Jeanne d'Arc Girubuntu wa Rwanda alishiriki mashindano ya dunia ya Richmond, Marekani, mwaka 2015, akawa mwanamke wa kwanza mweusi kutoka Afrika kufika hapo. Hakuibuka ghafla. Karibu miaka kumi kabla, Mmarekani Jonathan Boyer alianza kuwafundisha vijana wa Rwanda, na kazi hiyo ikazaa kituo huko Musanze, chini ya milima ya volkano, chenye vitanda, mafundi, jiko na ratiba ya mazoezi. Awali mpango ulikuwa wa wanaume. Wanawake waliingia baadaye, na walipoingia walikuta vitanda na mafundi tayari vipo. Diane Ingabire, naye wa Rwanda, alisajiliwa mwaka 2022 na Canyon//SRAM Generation, timu ya vijana iliyoundwa ili kuwapa nafasi wanawake kutoka nchi ambazo mchezo huu haujazoeleka. Eyeru Gebru kutoka Ethiopia alilazimika kuishi ukimbizini Ufaransa, na mwaka 2024 alishindana Olimpiki ya Paris akiwa kwenye timu ya wakimbizi. Mosana Debesay wa Eritrea alikuwa ameshashiriki Olimpiki ya Tokyo.

Kimberley Le Court wa Morisi ndiye aliyefika mbali zaidi. Alijaribu Ulaya akiwa kijana, mambo hayakumwendea, akarudi na kushindana kwa baiskeli za milimani huko Afrika Kusini. Mwaka 2024 alirejea barabarani na timu ya AG Insurance–Soudal. Mwaka uliofuata alishinda Liège–Bastogne–Liège ya wanawake, akashinda hatua moja ya Tour de France na kuvaa jezi ya njano, jambo ambalo hakuna Mwafrika mwanamke aliyelifanya kabla yake. Ninachokiona kwenye safari yake ni kile kipindi cha katikati. Aliporudi kutoka Ulaya alikuta mashindano ya nguvu karibu na nyumbani, yakamweka kwenye hali ya ushindani mpaka mlango ukafunguka tena. Binti wa Mbeya akienda Ulaya na kurudi mikono mitupu, atakuta nini cha kumshikilia?

Majirani wa karibu nao wana kitu. Kenya ina Nancy Akinyi na Kendra Masiga, na kuna Team Amani, timu inayowakusanya waendeshaji wa Afrika Mashariki na kuandaa mbio za barabara za changarawe katika eneo la Maasai Mara. Uganda ina klabu ya Masaka, iliyowalea wanaume na wanawake pamoja. Burundi ilithubutu kuandaa mbio za kimataifa za siku kadhaa kwa ajili ya wanawake. Kwetu Tanzania, Kanda ya Ziwa ndiyo iliyotangulia: Mwanza, Shinyanga na Simiyu zimeshuhudia mashindano yenye mbio za wanawake, za wanaume na za watu wenye ulemavu, mengi yakibebwa na makampuni ya simu, vinywaji au madini.

Kwa nini Kanda ya Ziwa na si huku? Kule ardhi ni tambarare. Baiskeli isiyo na gia inakwenda, kwa hiyo kila nyumba inayo, na wanawake wa Kisukuma wanaipanda bila mtu kugeuza shingo. Nyanda za Juu Kusini zina sehemu za namna hiyo pia. Bonde la Usangu na Kyela zimejaa baiskeli. Mchele, maji, abiria na wagonjwa husafirishwa juu ya keria. Ukipanda kutoka huko kwenda Tukuyu, Makete, Kilolo au Mufindi, baiskeli inageuka kuwa toroli. Utamwona kijana wa Rungwe akiisukuma kwa miguu kupanda, mikungu ya ndizi ikining'inia pande zote, kisha anaipanda anaposhuka, soli ya kandambili ikisaidia breki. Kwa msichana anayetumwa dukani hiyo haina faida, kwa hiyo anatembea.

Mlima unaomkatisha tamaa mwenye baiskeli ya gia moja ndio huohuo unaomjenga mwenye gia ishirini. Anayeishi na kufanya mazoezi kwenye mwinuko huu mwili wake huongeza chembe nyekundu za damu zinazobeba oksijeni, na anayepanda mlima kila siku hujifunza kugawa nguvu zake. Baiskeli ya mzigo aina ya Phoenix inakaribia kilo 20. Baiskeli ya mashindano hairuhusiwi na UCI kuwa chini ya kilo 6.8, na watengenezaji wanapigana kuikaribia namba hiyo. Tofauti ya kilo 13 kwenye kona 57 za barabara ya Chimala kwenda Matamba ndiyo inayoamua kama safari ni mazoezi au ni adhabu. Watu wanaposema wasichana wa milimani hawapendi baiskeli, naona wanawasingizia. Hawajawahi kupewa baiskeli inayopanda mlima.

Na hata pale ilipo, ni ya nani? Hapa ndipo mila inapoingia, lakini inaingia kupitia umiliki. Baiskeli ya nyumbani ni ya baba, au ya kaka anayebebea mkaa. Binti huipata anapotumwa: apeleke mahindi mashineni, amchukue mdogo wake kwa bibi. Akiwa na ndoo nyuma, hakuna anayemuuliza. Akiipanda bila mzigo, kwa kilomita arobaini, kwa sababu tu anataka kujua ana kasi gani, ndipo maswali yanapoanza. Unaenda wapi? Umeenda na nani? Suruali hiyo umeitoa wapi? Na kuna lile linalosemwa kwa sauti ya chini, kwamba baiskeli itamharibia usichana wake. Ni uongo wenye umri mkubwa, Ulaya ya karne ya 19 iliwatisha wanawake kwa maneno ya namna hiyohiyo, na bado unawatoa wasichana barabarani katika umri wa miaka 13 au 14, umri ambao mwendeshaji wa mashindano anapaswa kuwa ndiyo kwanza anaanza.

Kijana wa kiume anaruhusiwa kupoteza muda na baiskeli. Anazunguka mtaa, anaifungua gololi na kuifunga, anashindana na wenzake hadi kona ya mwisho. Muda huo ndio unaomfundisha. Muda wa binti una kazi: maji, kuni, kupika, kulea. Iringa na Njombe kwa miaka mingi zimekuwa zikitoa wasichana wanaokwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani wakiwa bado wadogo, na kwa wengi wao ujana unaishia jikoni kwa mtu mwingine. Sitaki kuandika uchambuzi wa michezo ya wanawake wa mikoa hii huku nikilipita jambo hilo kimya. Hatuwezi kujua ni mapafu mangapi ya ubingwa yamepandishwa basi pale Ipogoro yakaenda kufua nguo mjini.

Ndiyo sababu naamini mjadala wa mbio za kulipwa hautengani na mjadala wa njia ya shule. Zambia, ng'ambo tu ya Tunduma, wasichana wa vijijini walipewa baiskeli za kuendea shule na watafiti wakafuatilia. Muda wa njiani ulipungua kwa karibu theluthi na utoro ukashuka kwa zaidi ya robo. Katika jimbo la Bihar nchini India, serikali ilipoanza mwaka 2006 kuwapa wasichana fedha za kununua baiskeli za kwendea sekondari, uandikishaji wao ulipanda kwa takriban asilimia 30. Kwetu tunajua msichana anayetembea kilomita saba kwenda shule hukutana na nini njiani, na lifti ya bodaboda imewaletea wengi mimba na kuwagharimu masomo. Baiskeli yenye jina la binti kwenye karatasi ya shule ingemlinda. Na kati ya wasichana elfu moja wanaokwenda shule kwa baiskeli kila siku, kocha anaweza kupata kumi wa kuanza nao. Kati ya wasichana ishirini waliochaguliwa kwenye semina ya siku moja, hapati mtu, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiendesha jana wala atakayeendesha kesho.

Michezo ya shule ndiyo njia iliyonyooka, nayo imeziba. UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari zimewatoa wachezaji wengi wa mpira wa miguu, netiboli na riadha. Mwaka 2025 Iringa ilikuwa mwenyeji wa michezo hiyo. Mji wenye mteremko na mpando wa kuweza kuwapima waendeshaji wa dunia ulipokea vijana kutoka mikoa yote ya nchi, na mbio za baiskeli hazina nafasi ya maana katika michezo hiyo.

Yapo mashindano ya aina moja yaliyowahi kupita huku, nayo yanastahili kutazamwa kwa makini. Tangu mwaka 2003 msafara wa Tour d'Afrique huendesha baiskeli kutoka Cairo hadi Cape Town, safari ya takriban kilomita 12,000. Mbeya ni moja ya vituo vyake vya kupumzikia. Kutoka hapo washiriki hupanda Isyonje, huteremka Tukuyu hadi mpakani Kasumulu na kuingia Malawi. Kwa miaka mingi safari hiyo ilikuwa na sehemu ya mashindano yenye mshindi wa kike na wa kiume. Ina maana watoto wa Uyole wamewaona wanawake wa makamo kutoka Kanada, Ujerumani au Uholanzi wakipanda mlima wao kwa mashindano, wakapungia mikono, wakaendelea na safari. Barabara ile inafaa na imeshatumika. Wanawake wanaweza kuipanda, na wamepanda mbele ya macho yetu. Kilichokosekana ni binti wa Uyole kuwa ndani ya kundi badala ya kuwa pembeni.

Tatizo kubwa la barabara hiyohiyo ni malori. Barabara ya Tanzania–Zambia ndiyo mshipa wa mizigo ya Zambia na Kongo. Kutoka Ruaha Mbuyuni inapanda Kitonga kwa kona kali, inapita Ilula, Ipogoro, Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala na Uyole, na kote huko malori yenye tela yanafuatana usiku na mchana. Mbeya kuna miteremko ambayo majina yake yanatajwa kila mara habari za ajali zinaposomwa, Mbalizi na Iwambi. Kumwambia msichana wa miaka 15 afanye mazoezi kwenye ukingo wa lami hiyo, pasipo njia ya baiskeli, ni kuhatarisha maisha yake, na mzazi anayekataa ana haki kabisa. Ujenzi wa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29 zinazopita katikati ya jiji la Mbeya, ni nafasi adimu ya kuuliza kama mwendesha baiskeli amepimiwa sehemu yake. Lami ikishamwagwa na taa kuwekwa, swali hilo litakuwa ghali mno kulirudia.

Kwa mazoezi ya kila siku zipo njia tulivu zaidi. Barabara za vumbi za mashamba ya chai na misitu ya Sao Hill huko Mufindi hupanda na kushuka kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900, magari ni machache na asubuhi kuna baridi ya kutosha kumkausha mtu jasho. Kitulo nayo ipo. Mwendeshaji anayejifunza kwenye vumbi hujua kuitawala baiskeli inapoteleza, ujuzi ambao waliozoea lami peke yake huutafuta ukubwani. Lakini vumbi halitoshi kumfikisha kwenye mbio za barabarani, na sababu yake inahitaji kuelezwa, kwa kuwa ndiyo kiini cha hoja yangu.

Mbio za barabarani hazishindwi na mwenye mapafu makubwa tu. Anayekaa nyuma ya gurudumu la mwenzake kwenye tambarare huokoa karibu theluthi ya nguvu zake, kwa sababu wa mbele anamkatia upepo. Kwa hiyo watu mia moja hukaa kundi moja, bega kwa bega, kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa, gurudumu la huyu likiwa upana wa kiganja kutoka la yule. Humo ndani kuna kazi: nani amfuate anayetoroka, nani abaki na kiongozi wa timu, nani arudi nyuma kuchukua chupa za maji, lini ule kabla njaa haijakushika. Kigali ilionyesha hilo waziwazi. Waliopewa nafasi ya ushindi walibaki wakitazamana, kila mmoja akisubiri mwenzake atumie nguvu kuwakamata waliotangulia. Vallieres alikuwa mbele pamoja na Niamh Fisher-Black wa New Zealand na Mavi García wa Hispania, wanawake waliofahamu kwamba kutazamana huko ndiyo bahati yao. Kwenye mpando wa mwisho wa mawe ya Kimihurura akaondoka peke yake. Siku hiyo alisoma mbio vizuri kuliko waliomzidi sifa.

Hayo hayafundishwi kwenye mlima ukiwa peke yako, wala kwenye tamasha la mara moja kwa mwaka lenye jukwaa, wasanii na hotuba. Binti wa Ulaya anayefika timu ya kulipwa akiwa na miaka 19 ameshaanguka, ameshatoroka mapema akakamatwa, ameshakosea kula akaishiwa nguvu, mara nyingi, kwenye mbio ndogo za Jumapili ambazo hakuna gazeti lililoziandika. Mwafrika anayepelekwa Ulaya kwa sababu ya mapafu yake mazuri anakutana na kundi kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 21, kwenye mvua ya Ubelgiji, katikati ya wanawake waliokulia humo. Anaachwa nyuma, kisha watu wanaandika kwamba Waafrika hawana mbinu. Hakupewa mahali pa kuzipatia.

Gharama nazo tuzitaje. Baiskeli ya timu kubwa inavuka dola 10,000, na hakuna klabu ya Iringa itakayoinunua, wala haina haja nayo. Kuna baiskeli za mitumba kutoka Japani na Ulaya zenye gia, fremu nyepesi na miaka mingi ya kazi mbele yake. Kinachokwamisha ni vipuri. Cheni na gia zake zikiisha, fundi wa Mwanjelwa anayeijua Phoenix kwa kuigusa tu hana za kubadilisha, na tairi nyembamba huletwa kwa kuagiza. Klabu yenye baiskeli sita za aina moja, fundi mmoja aliyepewa mafunzo na sanduku la vipuri itadumu kuliko klabu iliyopewa baiskeli ishirini za aina ishirini kwa picha ya siku ya makabidhiano. Kwa wasichana uongeze tandiko la upana unaowafaa, kaptula yenye pedi na mahali pa faragha pa kubadilishia nguo. Ni vitu vidogo kwa bei, lakini vinaamua kama msichana atarudi wiki ijayo.

Chama cha Baiskeli Tanzania, CHABATA, hakiwezi kubeba haya peke yake kutoka makao makuu. Mikoa inaweza. Mbeya imeshaonyesha kwamba jiji linaweza kufunga barabara kwa ajili ya michezo: tangu 2017 Tulia Marathon imekuwa ikiwapitisha maelfu ya wakimbiaji katikati ya mji, polisi wakiongoza magari, wafadhili wakilipa. Mbio za baiskeli za wanawake za saa moja na nusu zinahitaji sehemu ndogo ya maandalizi hayo. Barabara kuu haihitaji kuguswa. Iringa mjini kuna mitaa iliyo chini ya wakala wa barabara za vijijini na mijini, TARURA, inayoweza kufanya mzunguko wa kilomita chache kupitia Gangilonga na Kihesa, wenye mpando wa kutosha kuwachuja watu, na Jumapili kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi magari ni machache mno. Mzunguko mfupi una faida nyingine: wazazi wanawaona mabinti zao wakipita kila baada ya dakika kumi, na anayeachwa nyuma hapotelei porini.

Ziwe mbio mbili kila asubuhi ya namna hiyo, moja ya baiskeli zenye gia na nyingine ya baiskeli za kawaida, hata kama ni ya kubebea ndizi na keria yake imeachwa. Umbali wa wanawake usikatwe kwa mazoea. Zawadi ziwe sawa na za wanaume tangu siku ya kwanza, kama UCI inavyofanya kwenye mashindano ya dunia tangu 2013, kwa sababu pengo likishazoeleka halizibiki kirahisi. Makamisaa na watunza saa wawemo wanawake. Zifanyike kila mwezi, Machi hadi Novemba, zikipokezana kati ya Iringa, Mafinga, Makambako na Mbeya, na matokeo yahifadhiwe kwa majina, umri na muda, ili kocha wa Musanze au wa Aigle kule Uswisi, kwenye kituo cha UCI, akiuliza huyu binti ameshindana mara ngapi na alimaliza vipi, awepo mtu wa kumtumia karatasi.